Saini Kwenye Kadi ya Mchezaji: Ya Mkono au ya Mashine?

Kadi za wachezaji ni vipande vya karatasi ngumu: mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Kwa miaka mingi watoto wa Marekani walizipata ndani ya pakiti moja na bigijii. Leo baadhi yake huuzwa kwa maelfu ya dola. Ukitaka kununua yenye saini, au ndugu aliyeko Marekani akikuletea zawadi, kabla ya kuuliza bei jiulize kama saini hiyo iliandikwa na mchezaji au ilichapwa kiwandani pamoja na picha.

Kampuni ya Topps ilichapa saini za wachezaji wa besiboli kwenye matoleo kadhaa, likiwemo lile maarufu la 1952. Zilikuwa pambo tu, lakini leo wapo wanaoziuza kama za kweli, wengine kwa kutojua.

Utazitambuaje? Tafuta mtandaoni picha ya kadi ileile. Saini ikiwa imekaa palepale, mkunjo kwa mkunjo, basi imechapwa. Kisha inamisha kadi chini ya taa: wino wa kalamu hukaa juu ya karatasi na mara nyingi hung'aa tofauti na picha. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10, ambayo hupatikana kwa dola chache, utaona picha imejengwa kwa vitone vidogo vya rangi, na mstari wa kalamu hauna vitone. Lakini saini iliyochapwa kwa wino mweusi mtupu nayo yaweza kukosa vitone, kwa hiyo usiache kulinganisha na ile picha ya mtandaoni. Na tafadhali usiisugue kwa mate wala spiriti. Ikiwa ni ya kweli, utakuwa umeiharibu mwenyewe.

Ukiona saini iko juu ya stika inayong'aa, usishtuke. Kampuni humpelekea mchezaji karatasi za stika, anazisaini, kisha kiwanda kinazibandika. Saini ni yake, ingawa kadi yenyewe huenda hajawahi kuishika, na wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa iliyosainiwa moja kwa moja. Mchezaji akichelewa kusaini, pakiti huwekwa kadi ya ahadi yenye namba ya siri ya kudai ile halisi baadaye. Hiyo ina tarehe ya mwisho. Isome kabla ya kulipa, maana ikishapita huenda umenunua karatasi tupu.

Vipi kuhusu kadi zilizokosewa kuchapwa? Hapa ndipo uvumi unapostawi. Mwaka 1982 kadi namba 342 ya Topps, ya mchezaji George Foster, ilitoka baadhi ya nakala zikiwa na saini ya kuchapwa, nyingine bila. Mwaka huohuo baadhi ya kadi za Topps zilitoka bila wino mweusi, na saini zikapotea nao. Kwa hiyo kinachotafutwa hapo ni kadi isiyo na saini! Mwaka 1979 Bump Wills alichapwa kama mchezaji wa Toronto Blue Jays, timu ambayo hakuwahi kuichezea, kisha kadi ikasahihishwa kuwa Texas Rangers. Ni kisa kizuri cha kusimulia, ila bei yake ni ndogo. Kadi ya Frank Thomas ya 1990 iliyokosa jina upande wa mbele hufika maelfu ya dola, kwa sababu zilizopatikana ni chache na wanaozitaka ni wengi. Akikuambia mtu kwamba kosa fulani ni adimu, fungua tovuti ya eBay, chagua bidhaa zilizokwisha kuuzwa, uone watu walilipa nini hasa. Bei anayoomba muuzaji haithibitishi chochote.

Mwisho ni cheti. Karatasi yoyote yaweza kuandikwa "halisi". Katika miaka ya 1990 FBI iliendesha msako ulioitwa Operation Bullpen, ukanasa mtandao wa kughushi saini za wanamichezo, na bidhaa nyingi bandia zilikuwa na vyeti vyake. Tafuta uhakiki wa kampuni za PSA, JSA au Beckett. Kila kitu walichokihakiki hupewa namba, nawe unaweza kuiangalia bure kwenye tovuti zao. Hakikisha maelezo yanalingana na kadi unayouziwa, kwani namba nayo hunakiliwa. Gharama ya kupeleka kadi isiyo na cheti ikahakikiwe huanzia makumi ya dola, na kwa nyota wakubwa hufika mamia, mbali na posta na bima. Kwa kadi ya dola 15 haifai kabisa.

Muuzaji akikataa kukupa namba ya uhakiki na picha safi za pande zote mbili kabla ya malipo, mwachie kadi yake.