Dondoo muhimu: Uniti za LUKU zinakoishia

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 huimaliza kwa zaidi ya saa 110; hita ya maji ya wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa. Kuzima taa ni vyema, lakini akiba kubwa iko kwenye vifaa vya joto: hita, pasi, birika na jiko la umeme. Nguo za wiki zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja, na birika litiwe maji ya vikombe vinavyohitajika tu. Friji isibanwe ukutani wala kuwekewa chakula cha moto. Mpira wa mlango ukilegea, ubadilishwe mapema. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka, iwe kwa umeme, gesi au mkaa.