Nywila mpya kila siku 30

SWALI: Ofisi yetu inatulazimisha kubadilisha nywila kila siku 30, hata kwenye kompyuta zetu binafsi tunazofanyia kazi. Nifanyeje?

JIBU: Sharti hili lina historia. Mwaka 2003, Bill Burr wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo ulioeneza desturi ya kubadilisha nywila mara kwa mara. Mwaka 2017 alikiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka huohuo NIST ikaachana nayo. Microsoft ikafuata mwaka 2019.

Sababu inaonekana mezani. Mfanyakazi aliyechoka hugeuza “Machi#1” kuwa “Aprili#1”, kisha huiandika kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kibodi.

Msomaji huyu asikaidi kimyakimya. Amwandikie mkuu wa TEHAMA, aambatishe mwongozo wa NIST na apendekeze mbadala: nywila ndefu, uthibitisho wa hatua mbili, na mabadiliko pale tu inapoonekana dalili kwamba nywila imevuja. Kuhusu kompyuta yake mwenyewe, aombe ya ofisi. Ikikosekana, afungue kwenye kompyuta hiyo akaunti ya kazi tu, mbali na picha za familia na nyaraka za benki.