KUACHIA HAKI NI KWA RADHI, SI KWA HAYA

Ndugu Waislamu, dada akinyamaza kaka zake wanapouza kiwanja cha marehemu baba yao hapa Kadutu au Bagira, bado hajaachia haki yake. Anayeachia awe baleghe mwenye akili, ajue fungu lake, na aridhie bila kushurutishwa. Surat An-Nisaa, aya ya 4, imeweka radhi hiyo hata katika mahari. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 nayo inamtambua binti kuwa mrithi. Fungu la yatima, mlezi hana ruhusa kulisamehe. Na wajibu hauachiwi: baba akisema “simtaki,” nafaka ya mwanawe mdogo iko palepale. Basi mwulizeni dada kwanza, mbele ya mashahidi, ndipo muuze. Wallahu a‘lam.