SIKU YA ASHURA: SIKU MOJA, MAMBO MAWILI



Mwezi kumi Mfungo Nne, yaani mwezi 10 Muharram, yamekutana mambo mawili makubwa katika tarehe, nayo yana mafunzo kwa mwenye kuzingatia.

La kwanza ni kuokoka Nabii Musa na Wana wa Israili, na kugharikishwa Firauni. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga siku hiyo kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu. Akaeleza kuwa Waislamu ndio wenye haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha ifungwe. Ilipofaradhiwa Ramadhani katika mwaka wa 2 Hijria, Ashura ikabaki kuwa suna. Na mwisho wa umri wake aliazimia kufunga na siku ya tisa pia.

La pili ni msiba. Siku hiyo hiyo, mwaka wa 61 Hijria, uliowafiki 680, Sayyidna Husein bin Ali, mjukuu wa Mtume, aliuawa Karbala katika nchi ya Iraki, pamoja na jamaa zake na wafuasi wake wachache.

Wako waliozidisha: toba ya Adam, kutua kwa safina ya Nuh, kuokoka Ibrahim motoni, kutoka Yunus tumboni mwa samaki, yote wameyatia katika siku hii. Hadithi ndefu iliyoyakusanya hayo, Imamu Ibn al-Jauzi, aliyefariki mwaka wa 597 Hijria, aliihesabu katika hadithi za uzushi. Siku yenye jambo la kweli haihitaji pambo la kuazima.

Sasa tuulizane: Ashura ni siku ya sudi au ya nuhusi? Ikiwa ni ya sudi, mbona Husein aliuawa? Ikiwa ni ya nuhusi, mbona Musa aliokoka? Basi siku ni chombo tu. Haileti kheri wala shari kwa nafsi yake.

Na hoja iliyo kubwa zaidi ni hii. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa mauti yake. Mtume, naye ni baba mwenye huzuni, hakuyanyamazia maneno hayo. Aliwafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa hakuukubalia utukufu huo mwanawe mwenyewe, sisi twapata wapi ruhusa?

Hata leo wako wazazi wanaoahirisha nikaha ya binti yao, na wasafiri wanaovunja safari, kwa kuwa mpiga falaki amesema siku ni mbaya. Tena humlipa fedha ambazo watoto wangelizilia chakula. Huko ni kuukalifu moyo na kuupoteza mfuko.

Basi Ashura ifikapo, fungeni tisa na kumi, mrehemuni Husein, na mambo yenu ya halali yafanyeni siku yo yote kwa kumtegemea Mungu.

Wabillahi taufiki.