Mpe Mzee Fimbo Inayofika



Wiki hii nimepata barua ya binti wa kwetu Mkula, Busega. Amehamia Arusha kwa shangazi yake, na riziki yake ni ukedi: anabeba mfuko wa fimbo za gofu, anafuatilia mpira, anamshauri mchezaji. Ameandika hivi: "Shikamoo dada. Kuna mzee ninayembebea kila Jumamosi. Nikimpa fimbo namba sita ananuna, anataka nane kwa sababu wenzake wanapiga nane palepale. Mpira unaangukia mchangani, lawama zinanirudia mimi. Nisemeje, na yule ni sawa na baba yangu?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa maana hata mimi nimepita hapo. Kabla sijaanza kuandika nilibeba mifuko ya watu kwa misimu mitatu, nikiwa na viatu vya kuazima. Nitakujibu kwa kirefu, na wenzako ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa gofu wasifunge ukurasa. Kukadiria umbali kwa jicho ni kazi ambayo mtoto aliyechunga ng'ombe Busega ameifanya tangu utotoni.

Kwa faida yao, mchezaji haruhusiwi kuwa na fimbo zaidi ya 14 mfukoni. Draiva ndiyo ndefu kuliko zote, ya kuanzia mashimo marefu. Vipo vyuma, vyenye namba. Zipo weji za kuinua mpira ukiwa karibu, na ipo pata ya kuusukuma mpira shimoni ukishafika kwenye grini, yale majani yaliyonyolewa kama zulia. Kwenye vyuma, namba ikiwa ndogo uso wa fimbo umesimama na mpira unakwenda mbali. Namba ikiwa kubwa uso umelala, mpira unapanda juu na kushuka karibu. Kutoka namba moja hadi inayofuata pengo huwa kama mita 10. Kwa hiyo sita yako na nane ya mzee zimepishana mita 20 hivi, na mita 20 zinatosha kabisa kuupeleka mpira mchangani.

Sasa nikwambie jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa. Namba iliyochongwa kwenye chuma ni jina tu. Viwanda havikukubaliana kipimo kimoja, na miaka inavyokwenda wanazidi kuusimamisha uso wa fimbo. Chuma saba cha seti ya zamani kinaweza kuwa na mlalo wa chuma nane au hata tisa cha leo. Na hapa kwetu fimbo nyingi ni za mtumba, zimepita mikono mitatu minne kabla ya kufika kwa mzee wako. Huenda rafiki yake anapiga nane mpya, yeye ameshika nane iliyotengenezwa miaka ya themanini, halafu anajiona mkono wake umezeeka. Zisimamishe fimbo hizo mbili ubavu kwa ubavu, mzee aone mwenyewe uso upi umelala zaidi. Hayo ni mazungumzo ya dakika moja, tena hayamvunjii mtu heshima.

La pili ni yadi na mita. Hili liliniumiza. Msimu wangu wa kwanza nilimwambia mchezaji mmoja zimebaki mita 150, kwa kuwa kibao kilisema 150. Kumbe kibao kile kilikuwa cha yadi. Yadi 150 ni mita 137 tu. Alichukua fimbo niliyomtajia, akaipiga vizuri mno, mpira ukapita juu ya grini ukazama vichakani. Siku hiyo nilirudi nyumbani bila ujira. Viwanja vyetu vingi vina mizizi ya Kiingereza na yadi bado zimejaa kwenye vibao na kadi za kuandikia mikwaju. Uliza kabla ya kufungua mdomo. Ukitaka hesabu ya haraka, toa kumi kwa kila yadi mia, utakuwa karibu sana na mita.

Halafu kuna daftari la kuandikia umbali wa kila fimbo, na hapa nataka unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. Kabla hujarudi Mkula likizo, mwombe mchezaji yeyote akuazime chuma kimoja na mipira michakavu ishirini. Nenda shambani baada ya mavuno, mabua ya pamba yakishang'olewa na kuchomwa, pakiwa peupe, hakuna mtoto wala ndama mbele yako. Unaikumbuka kamba ya kupandia pamba, ile yenye mafundo, sentimita 60 mstari hadi mstari na 30 shina hadi shina? Tengeneza kamba kama hiyo, lakini ya mita 10, uipime kwa futi ya fundi. Itandaze mara kumi na tano, kila mara uchomeke kijiti. Umeshapata uwanja wa mazoezi wa mita 150, tena kwa gharama ya kamba. Humo humo pima hatua zako: tembea mwendo wako wa kawaida kutoka kijiti cha kwanza hadi cha kumi na moja, uhesabu. Utapata idadi ya hatua zako kwa mita 100. Namba hiyo iweke kichwani, kwa sababu uwanjani hatua ndiyo kamba yako.

Piga mipira yote ishirini. Mitatu iliyokwenda mbali kuliko yote usiihesabu, na mitatu iliyokufa miguuni usiihesabu. Tazama pale ambapo mingi imelala. Hapo ndipo fimbo hiyo inapofika mkononi mwako. Watu wengi hukosea kwa kuchukua mpira ule mmoja uliopaa siku ya Pasaka wakaufanya ndiyo kipimo chao cha maisha. Mzee wako yuko hivyo. Aliwahi kuifikisha nane kwenye grini ile siku moja, upepo ukiwa mgongoni na ardhi ikiwa kavu, na tangu siku hiyo haambiliki.

Uandike pia mpira ulipodondokea na uliposimama. Hizo ni namba mbili tofauti. Udongo wa mbuga wa kwetu wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, mpira unadunda na kukimbia mbali. Masika unadidimia hapo hapo. Ukitaka kuvuka mchanga au maji, mita za hewani pekee ndizo zinazokusaidia.

Nikupe na makadirio ya kuanzia, usije ukayafanya msahafu. Mwanaume wa kawaida, asiye bingwa, chuma saba chake hufika kama mita 120 hadi 135. Mwanamke wa kawaida mita 80 hadi 100. Mabingwa unaowaona kwenye televisheni wanazidi hapo sana, na wengi wanaoteseka uwanjani wanateseka kwa kuazima namba za wale.

Upepo hukufundishwa na mtu, umezaliwa nao. Nyumbani, mchana jua likishachoma ardhi, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu; usiku unageuka. Wavuvi wa Lamadi wanaufahamu kuliko saa ya ukutani. Fanya kama wao: nyofoa majani makavu, yaachie usawa wa kifua, kisha inua macho uangalie vilele vya miti, kwa kuwa mpira utakuwa huko juu. Upepo wa usoni unakula mita nyingi kuliko zile ambazo upepo wa mgongoni unakuongezea. Ukivuma wa kutikisa matawi usoni mwako, shuka namba moja ya fimbo, ukikaza zaidi shuka mbili, na mchezaji apige taratibu vilevile. Anayeongeza nguvu anaupandisha mpira juu, na huko upepo unaudaka.

Mwinuko nao usiusahau. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unapata njia. Pigo la mita 100 pale uwanja wa Lugalo, Dar es Salaam, Arusha linakaribia 105. Mgeni akitoka Pwani kuja kucheza kwenu mdokezee mapema, asubuhi, kabla hajaanza kupitiliza grini. Na kama grini iko mlimani, ongeza mita moja kwa kila mita ya kupanda. Ikiwa bondeni, punguza vivyo hivyo.

Sasa turudi kwa mzee. Mdogo wangu, jua kwanza hadhi ya kazi yako. Kanuni za gofu zinamkataza mchezaji kumuuliza mpinzani wake apige fimbo gani. Akiuliza kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, anaongezewa mikwaju miwili. Anayeruhusiwa kumshauri ni kedi wake, au mwenzake wakicheza wawili upande mmoja. Yaani katika uwanja ule mzima, wenye mawakili na makanali na wafanyabiashara, mtu ambaye sheria inamruhusu yule mzee kumtegemea ni wewe binti wa Mkula. Basi usinong'one ukitazama chini. Sema kwa sauti ya kawaida, na sema mapema, mnapoukaribia mpira, kabla mkono wake haujaingia mfukoni. Akishaishika nane mbele ya wenzake, kumwambia airudishe ni kumwaibisha, na hapo atakataa hata kama anajua uko sahihi.

Lawama uipeleke kwenye upepo, kwenye mchanga, kwenye mteremko. Mkono wake usiuguse. "Mzee, hadi katikati ya grini ni mita 130, upepo unatupiga usoni, na mchanga uko mbele. Sita inatuvusha." Umesema umbali, umesema sababu, umesema fimbo, basi. Na useme katikati ya grini, usiseme bendera. Wachezaji wa kawaida wengi wanapungukiwa kuliko wanavyopitiliza, na mitego ya mchanga nayo mara nyingi hukaa mbele ya grini. Akichukua nane bado, mpe kwa mikono miwili, futa mpira ukiruhusiwa, nyamaza. Usiku andika kwenye daftari: shimo la ngapi, fimbo gani, mpira umeangukia wapi. Baada ya Jumamosi nne mwonyeshe ukurasa huo mkiwa wawili tu, mbali na wenzake. Wazee wetu hubishana na maneno. Namba zilizoandikwa kwa mkono wa mtoto mwenye adabu huzisoma.

Na wewe mwenyewe cheza. Kama klabu yenu inawapa makedi siku ya kucheza, usiipoteze kwa usingizi. Usisubiri fimbo 14. Seve Ballesteros wa Hispania alianza akiwa kedi mtoto kijijini Pedreña, akijifunza kwa chuma namba tatu kimoja, akipiga mawe na mipira ufukweni. Kwa fimbo hiyo moja alilazimika kutafuta mapigo ya mbali, ya karibu, ya chini na ya juu. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open, mwaka uliofuata akashinda The Open kule Uingereza, na akaishinda tena mwaka 1984 na 1988. Wanawake nao wapo: Madina Iddi wa hapo hapo Arusha ameiwakilisha Tanzania nje ya nchi. Kwa hiyo huo mfuko ulio begani usiuone kuwa ndiyo kituo chako cha mwisho.

Jumamosi ijayo mpe mzee sita, na umwambie sababu kabla hajauliza. Mwezi ukiisha niandikie tena, na barua hiyo ije na namba za daftari.