Kope Ndefu kwa Dawa ya Presha ya Macho

Msomaji mmoja wa Pujini, kisiwani Pemba, ameandika kwamba kope zake zimepukutika tangu alipozoea kubandika kope bandia kwa gundi, kwamba mama yake mdogo aliyeko Maskati amemletea kichupa cha bimatoprosti ili zirefuke, na kwamba harusi yake ni mwezi ujao. Anauliza kama aipake.

Bimatoprosti ni dawa ya glakoma, yaani maradhi yanayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha kupanda ndani ya jicho lenyewe. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa jina la Lumigan, na ilipobainika kwamba wagonjwa walioitia machoni waliota kope ndefu, nene na nyeusi zaidi, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliiruhusu Desemba 2008, kwa jina la Latisse, itumiwe kwa kope haba, lakini kwa cheti cha daktari. Kwa kuwa hurefusha kipindi cha kuota kwa unywele, haina haraka: mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki 8 hivi, hukamilika karibu na wiki ya 16, na ikiachwa kope hurudi zilivyokuwa. Kwa harusi ya mwezi ujao, basi, haifai kitu, na ni shida kuamini kwamba kuna bwana harusi Pemba nzima atakayehesabu kope.

Madhara yake si ya kupuuzwa. Macho huweza kuwasha na kuwa mekundu. Ngozi inayofunika jicho huweza kuiva weusi, ingawa weusi huo kwa kawaida hufifia dawa ikiachwa. Duara lenye rangi linaloizunguka mboni huweza kuzidi kuwa la hudhurungi na lisirudi tena. Na mafuta yaliyo chini ya ngozi inayozunguka jicho huweza kupungua hata macho yakaonekana yamezama, jambo ambalo hakuna mtu alitakaye siku ya kupambwa.

Zaidi ya hayo, chanzo cha kope zake kupukutika hakijulikani bado. Gundi na kule kubandua zile za bandia huenda ndiko kulikozing'oa, na hapo dawa ya kwanza ni kuacha. Lakini kope hupukutika pia kwa uvimbe wa ukingo wa jicho na kwa maradhi ya tezi ya shingo. Aliyewahi kuugua trakoma, ambayo wengi huiita vikope, huweza kuwa na kope zilizopinda kwa ndani zikikwaruza jicho, na kuzirefusha hizo ni kuzidisha jeraha.

Msomaji asikifungue kichupa hicho. Akichukue, na karatasi yake, hadi hospitali ya Chake Chake, aombe kupimwa na mtaalamu wa macho. Na kama ameshaipaka, aseme wazi kabla ya kupimwa presha ya jicho, kwa sababu dawa hii huishusha na kipimo kinaweza kumpotosha mpimaji.