Ujira wa Fundi Aliyeitumikia Serikali

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi
Soma: Mambo ya Walawi 19:13, Yeremia 22:13, Luka 18:1-8, Yakobo 5:4



Wako miongoni mwetu watu wanaoifanyia serikali kazi bila kuwa waajiriwa wake: fundi wa madawati, mama apikiaye semina, mpiga chapa, mwenye lori. Kazi huisha na kupokelewa, kisha huanza safari ya pili. Njoo kesho, faili liko kwa mkubwa, fungu halijafika. Lakini watoto nyumbani hawali faili. Tutazame habari ya kweli ya fundi mmoja wa zamani, kisha tulisikilize Neno.

1. Seremala na saa yake

John Harrison alizaliwa Uingereza mwaka 1693, mwana wa seremala, naye akawa seremala. Katika kijiji cha Barrow aliongoza kwaya ya kanisa, na kazi ya kutengeneza saa alijifundisha mwenyewe.

Siku zile mabaharia hawakuweza kujua kwa hakika wamefika wapi upande wa mashariki au magharibi. Mwaka 1707 merikebu nne za kivita za Uingereza zilivunjika kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, wakafa watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 1714 Bunge likatunga sheria: atakayeonyesha njia ya kupata longitudo baharini bila kukosea zaidi ya nusu digrii, atapewa pauni 20,000. Kwa kuwa dunia huzunguka digrii 15 kila saa, ilihitajika saa isiyopotea zaidi ya dakika mbili katika safari nzima.

Harrison aliishughulikia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na Bodi iliyosimamia sheria ile ilimsaidia kwa fedha kidogo kidogo. Mwaka 1761 saa yake ya nne ilisafirishwa kwenda Jamaica pamoja na mwanawe William. Kwa hesabu zao ilikosea kama sekunde tano tu. Bodi haikuridhika. Mwaka 1764 ikapelekwa Barbados, ikakosea kama sekunde 39, ndani kabisa ya mpaka wa sheria.

2. Sharti juu ya sharti

Hata hivyo malipo kamili hayakuja. Mwaka 1765 ilitungwa sheria mpya: Harrison aeleze siri yote ya saa yake ndipo apate nusu, nusu ya pili ingoje mpaka saa nyingine zitengenezwe na kujaribiwa. Akaeleza, akapewa nusu ya kwanza, na saa ikachukuliwa.

Katika Bodi alikuwamo kasisi wa Kanisa la Uingereza, Nevil Maskelyne, Mwanafalaki wa Mfalme, aliyependelea njia ya kupima mwezi na nyota. Hatusemi alikuwa mwizi. Njia yake nayo iliwafaa mabaharia, na Bodi ilitaka kuwa na hakika kwamba mafundi wengine wangeweza kuiga saa ile. Lakini mzee alizidi kuzeeka. Mwaka 1772 William alimwandikia Mfalme George wa Tatu, naye akaipima saa ya tano katika jumba lake la falaki. Mwaka 1773 Bunge likampa Harrison pauni 8,750. Alikuwa na miaka 80. Alifariki mwaka 1776.

3. Tunajifunza nini?

(a) Kuchelewesha ni kudhulumu. Torati haikuamuru tu kwamba ujira ulipwe. Iliamuru usilale kwa mwenye kuajiri mpaka asubuhi. Katika habari hii hatuoni mtu aliyeiba. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu hizo zote pamoja zilikula uzee wa mtu. Dhambi ya namna hii hugawanyika katika meza nyingi, hata asiwepo anayeiona kuwa yake. Mkristo mwenye kutia sahihi akumbuke kwamba faili lililo mbele yake ni mtu.

(b) Kudai haki si ukorofi. Mjane wa Luka 18 hakuona haya kurudi kwa kadhi. Ila tudai kwa utaratibu: mapatano yaandikwe kabla ya kazi, hati ya kupokelewa kazi itunzwe, nakala ya kila barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Meza moja ikinyamaza, twende ya juu yake, kama William. Wala tusitoe kitu kidogo ili faili litembee, maana fundi anayetufuata naye atadaiwa hicho hicho.

(c) Hukumu ianze nyumbani. Yeremia alimkemea mfalme aliyejenga nyumba yake bila kuwalipa watu. Je, aliyeezeka paa la kanisa letu amelipwa yote? Halmashauri ya parokia isiagize kazi kabla ya kujua fedha itatoka wapi, wala isimwambie fundi kwamba deni lake ni sadaka. Sadaka hutolewa na mwenyewe kwa hiari.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani anatungoja sisi tumlipe leo?
2. Tukiwa watumishi wa ofisi, ni lipi tunaloweza kuliharakisha juma hili?
3. Tumsaidieje jirani anayedai serikalini, hasa asiyejua kuandika barua?

Tuombe

Ee Bwana, uliyefanya kazi ya useremala kwa mikono yako, usikie kilio cha wanaongoja ujira wao. Uwape subira na ujasiri, na utupe sisi mikono isiyokawia kulipa. Amina.